Mafuriko yakiisha, ndipo malaria inapokuja. Kwa nini?

Mvua kubwa ikinyesha, watu huhesabu hasara wanazoziona: ukuta ulioanguka, shamba la maharagwe lililosombwa, kuku waliopotea. Ugonjwa hauhesabiwi siku hiyo kwa sababu bado haujafika, na kila ugonjwa una wakati wake wa kufika.

Mwezi Mei 2013, Mto Nyamwamba ulifurika katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda. Wengi wenu mnaijua wilaya hiyo, maana mpaka wa Mpondwe mliouvuka mkitoka Kongo uko huko. Baadaye watafiti walilinganisha vipimo vya malaria vya kabla na vya baada ya mafuriko. Katika vijiji vilivyo kando ya mito iliyofurika, uwezekano wa mtu kukutwa na malaria uliongezeka kwa takriban asilimia 30 ukilinganisha na vijiji vilivyo mbali na mito. Ongezeko lilikuwa kubwa zaidi upande wa juu wa mto kuliko upande wa chini.

Maji yanayokwenda kwa kasi huwasomba viluwiluwi wa mbu. Yakipungua, huacha madimbwi yaliyotulia, na hapo mbu hutaga. Kutoka yai hadi mbu kamili ni kama wiki moja au mbili. Mbu huyo lazima kwanza amuume mtu mwenye malaria, kisha vimelea vikue ndani yake kwa siku 10 au zaidi. Atakayeumwa baada ya hapo huanza homa siku 10 hadi 15 baadaye. Jumlisha: karibu mwezi mmoja au zaidi umepita. Mahema ya dharura yameshakunjwa, na hakuna anayekumbuka kuihusisha homa ya mtoto na mvua ile. Kwa hiyo chandarua ulichopewa wiki ya kwanza, wakati hata mbu huwasikii, kitundike. Tunajua wengine hukitumia kuzungushia miche ya nyanya. Nyanya zitafutiwe uzio mwingine.

Kuhara hakusubiri mwezi. Vyoo vya shimo hujaa maji na uchafu wake huingia visimani na mitoni. Dalili za kipindupindu huanza kati ya saa chache na siku 5 baada ya kunywa maji au kula chakula chenye vimelea. Mgonjwa huhara maji meupe kama yale ya kuoshea mchele, na asipotibiwa anaweza kufa ndani ya saa chache. Usingoje kupambazuke. Mpeleke kituo cha afya huku ukimnywesha ORS njiani. Kama pakiti haipo, changanya lita 1 ya maji salama, vijiko 6 vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Maji ya kunywa chemsha hadi yatokote, hata yakionekana safi. Kama unatumia dawa ya klorini na maji yana tope, yaache yatulie kwanza, uyachuje kwa kitambaa safi, ndipo uweke dawa.

Kuna hasara nyingine isiyozungumzwa sana: dawa za kila siku. Mafuriko hayachagui. Mei 2020 Mto Nyamwamba ulifurika tena na maji yakaingia Hospitali ya Kilembe. Mtu anayetumia ARV, dawa za kifua kikuu, kisukari, shinikizo la damu au kifafa, dawa zake zikisombwa, asisubiri tarehe ya miadi. Aende kituo cha afya kilicho karibu, hata kama si kile alichoandikishwa, aeleze kilichotokea. Asiazime vidonge vya jirani, wala asimeze dozi mbili kwa pamoja kufidia siku alizokosa. Msimu wa mvua ukikaribia, funga dawa na kadi ya hospitali ndani ya mfuko wa plastiki, uuning'inize juu ukutani mahali watoto hawafiki, na mwambie mtu mmoja nyumbani ulipo.