Je, Wajua? Gari la spoti lililotumika na sheria ya jimbo lako

Je, wajua kuwa anayenunua gari la spoti lililotumika Buffalo, New York, ana kinga ambayo nduguye wa Louisville, Kentucky, au Columbus, Ohio, hana? Sheria ya jimbo la New York humlazimu mwenye yadi ya magari kutoa dhamana ya maandishi, mradi gari limeuzwa dola 1,500 au zaidi na halijapita maili 100,000. Hata lililotembea maili 80,000 na zaidi hulindwa kwa siku 30 au maili 1,000. Injini, giaboksi na breki zimo. Ukinunua kwa mtu binafsi, kinga hiyo huna.

Kentucky na Ohio, gari laweza kuuzwa jinsi lilivyo, bila dhamana. Isome karatasi ya dirishani, ambayo yadi kote Marekani zinatakiwa kuibandika: ndiyo inayosema kama dhamana ipo.

Buffalo nako kuna chumvi ya kuyeyushia theluji, inayokula vyuma vya uvunguni. Mwenye bajeti finyu ndiye hasa anayepaswa kumlipa fundi wake mwenyewe alipandishe gari juu na kulikagua, kisha aulize bei ya bima kabla ya kutoa pesa.