Vidole Vitatu vya Zege

Zege zima ukiligonga kwa nyundo ndogo hujibu kwa mlio mkavu, kama jiwe lililogongwa na jiwe. Zege lililoachana na vyuma vyake hulia kama debe tupu. Siku moja ya Julai, kusi likivuma, nilipanda ngazi kwenye baraza ya nyumba moja ya Bofa, hapa Kilifi, hatua kama 200 kutoka majini, nikaanza kuigonga slabu kwa chini, kutoka ukutani kuelekea baharini. Mita ya kwanza mlio ulikuwa mkavu. Kisha ukabadilika. Fundi mzee aliyenishikia ngazi hakungoja niseme neno. "Hapo hapo, mwanangu," akasema. "Hapo chuma kimefura."

Neno lake lina usahihi ambao vitabu vyangu vya uhandisi huutafuta kwa aya nzima. Chuma hufura kweli. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, mara 2 hadi mara 6 kulingana na aina ya kutu yenyewe, na zege halijui kunyumbuka. Likisukumwa kutoka ndani hupasuka. Ndiyo maana nyufa za slabu ile hazikuwa za ovyo. Zilikwenda sambamba, kila baada ya sentimita 20 hivi, zikiifuata nondo moja hadi nyingine. Katika ufa mmoja ulichuruzika mstari wa rangi ya chai. Kipande cha ukubwa wa sahani kilikuwa kimeanguka sakafuni, na pale kiliponyofoka nikaona nondo iliyowekwa ikiwa na unene wa milimita 10, sasa imeliwa hadi kulingana na penseli. Nyumba ilikuwa na umri wa miaka 13, na mwenyewe alikuwa ameshaitengeneza mara mbili.

Ukitoka Bofa ukavuka daraja la Kilifi, lililofunguliwa mwaka 1991 na kuipumzisha feri, unafika magofu ya Mnarani, juu ya hori upande wa kusini. Msikiti mkuu wa pale ni wa karne ya 15. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 17, lakini kuta zingali zimesimama. Ukipanda kaskazini hadi Gede, mji ulioingizwa mwaka 2024 katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, ni vivyo hivyo: kuta za jumba la mtawala na za misikiti zimeshindana na mvua na mizizi ya miti kwa karne nyingi. Watu wa hapa Kilifi huniuliza, tena kwa uchungu, mbona wazee walijua kujenga na sisi wenye shahada hatujui.

Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu lina jibu. Kuta za Mnarani hazina chuma ndani yake. Ni mawe ya mwamba yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyopangwa juu ya tanuu la magogo, yakachomwa kwa moto wa nyuzi 900 hivi, yakatiwa maji, yakaachwa yaive. Chokaa hiyo ukiisilibia ukutani huivuta tena hewa ya ukaa iliyoipoteza motoni, na polepole hurudi kuwa jiwe. Hakuna cha kufura. Dari ndizo zilizokuwa udhaifu wake: zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za kale vilikuwa virefu na vyembamba, upana wake haufiki mita 3. Leo mtu anajenga Bofa kwa sababu ya bahari. Anataka sebule ya mita 5 iliyo wazi, na baraza isiyo na nguzo mbele ya macho. Zege hubeba mzigo mkubwa likigandamizwa, lakini likivutwa hukatika upesi. Slabu ya mita 5 bila vyuma ingeanguka siku ya kutolewa mbao. Chuma hatuwezi kukikimbia. Tunachoweza ni kukilinda.

Nikumbushe pia kwamba malighafi ni ile ile. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza uzalishaji mwaka 1954, kilijengwa pale kwa sababu ya chokaa ya matumbawe ya kale iliyoko chini ya ardhi. Matumbawe yaliyochomwa peke yake kwa nyuzi 900 ni chokaa. Yakisagwa pamoja na udongo na kuchomwa kwa nyuzi 1,450 ni saruji. Mwashi wa Mnarani na mwashi wa Bofa wanakula sahani moja.

Sasa chuma hulindwaje? Saruji ikishika hubaki na maji kidogo katika vitundu vyake, na maji hayo ni makali kama ya sabuni ya magadi, pH yake hukaribia 13. Katika ukali huo chuma hujivika utando mwembamba mno, ambao hata darubini ya kawaida haiwezi kuuona, na utando huo ukiwepo kutu haianzi. Maadui wake ni wawili. Wa kwanza ni hewa ya ukaa, inayopenya na kuupunguza ule ukali hadi utando ukayeyuka. Wa pili ni kloridi, sehemu ya chumvi, inayoutoboa utando hata ukali ukiwa bado upo.

Yupi aliingia nyumba ya Bofa? Nilinyunyiza fenolfitalini mahali palipovunjika upya. Dawa hiyo hugeuka waridi iliyokolea penye ukali, na hubaki bila rangi palipopoa. Zege lilikuwa waridi hadi kwenye nondo. Hewa ya ukaa haikuwa na hatia. Tukatoboa kwa drili, tukakusanya vumbi la kila kina katika mfuko wake, tukapima kloridi. Chumvi iliyotoka nje huwa nyingi usoni na hupungua kadiri unavyoingia ndani. Chumvi iliyochanganywa siku ya ujenzi huwa sawa kila mahali. Yale mavumbi yalikuwa na zote mbili: nyingi usoni, kisha ikapungua, lakini haikuisha hata katikati ya slabu.

Ile ya usoni inaeleweka. Bofa inatazama bahari wazi. Kusi likija mawimbi hupasukia mwambani, na upepo hubeba povu lake hadi kwenye kuta; asubuhi pitisha kidole kwenye kioo cha dirisha kisha ukionje. Ile ya katikati ndiyo iliyonikera, kwa sababu ililetwa na mikono ya watu. Visima vya karibu na ufuo vina maji ya chumvi, na siku ya kumwaga zege hakuna anayetaka kununua maji ya boza. Hesabu yake si ngumu. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 za chumvi, na kati ya hizo kloridi ni kama gramu 19. Kiwango cha juu kinachokubalika kwa kawaida katika zege lenye vyuma ni asilimia 0.4 ya uzito wa saruji, yaani gramu 200 kwa mfuko wa kilo 50. Ukimimina lita 25 za maji ya bahari katika mfuko huo umeweka gramu 475, zaidi ya mara mbili ya kikomo. Kisima ambacho thuluthi moja ya maji yake imetoka baharini kitakuletea kama gramu 160, na hapo mchanga wa ufuoni haujahesabiwa, wala kusi halijaanza kuvuma. Maji usiyoweza kuyanywa usiyakorogee saruji yenye nondo.

Hapa ndipo unapoingia unene wa zege linaloufunika ule chuma. Katika nyumba ile, pale kipande kilipoanguka, nilipima milimita 15, unene wa kidole kimoja. Kwa ujenzi unaopigwa na upepo wa bahari mimi hudai milimita 50, vidole vitatu vikiwekwa pamoja. Mwenye nyumba huniona namzidishia gharama. Lakini chumvi haisafiri ndani ya zege kwa mwendo wa gari barabarani. Huanza kwa kasi kisha huchoka, na kina inachofikia hufuata kipeuo cha pili cha muda. Maana yake ni hii: kama sentimita 2 za zege zimeizuia chumvi kwa miaka 8, sentimita 4 za zege lile lile zitaizuia kwa miaka 32, na sentimita 5 kwa miaka 50. Hesabu ni ya kukadiria, kwa sababu zege la kweli lina nyufa na upepo haupimi kipimo kimoja kila siku, lakini mwelekeo wake ni huo. Sijui mahali pengine katika ujenzi ambapo sentimita tatu za mchanga, kokoto na saruji hununua miaka mingi hivyo.

Unene huo hutegemea kitu ambacho mafundi wetu hukiita biskuti: kijibonge cha saruji na mchanga kinachowekwa chini ya nondo ili isilalie mbao. Nimekuta biskuti za kila aina, kuanzia vipande vya kokoto hadi vigae vya choo. Hata zikiwa nzuri, siku ya kumwaga watu 15 hupita juu ya nondo na karai kichwani, biskuti zinapinduka, na hakuna anayerudi nyuma kuzisimamisha. Ningekuwa na fedha ya kumlipa mtu mmoja zaidi siku hiyo, ningemlipa wa kutembea na biskuti mfukoni, kazi yake hiyo tu.

Baada ya unene ni ugumu wa zege lenyewe, na ugumu unaanzia kwenye maji. Mfuko wa kilo 50 unahitaji lita 22 na nusu hivi, mtungi mmoja wa lita 20 na kidogo juu. Mchanga uliolowa unaweza kuleta lita 5 peke yake, kwa hiyo mtungi wenyewe usiishe. Zege hilo ni zito kulisukuma, na vijana hulalamika. Anayeongeza maji analegeza kazi ya saa mbili, na kila tone lililozidi hukauka na kuacha kitundu ambacho chumvi itakitumia. Kisha zinafuata siku 7 za kulimwagilia na kulifunika kwa magunia. Usomeni pia mfuko. Saruji nyingi ya bei nafuu nchini, ile ya 32.5, imechanganywa na pozolana, majivu ya volkeno ya Bonde la Ufa. Warumi walijengea bandari zao kwa majivu ya namna hiyo. Pozolana huziba vitundu na kuizuia chumvi vizuri sana, ila hufanya kazi taratibu: ukiinyima maji siku ya tatu umeitupa faida yake, na wiki mbili za kumwagilia ndizo zinazoifaa.

Kuhusu ule ukarabati uliofanywa mara mbili. Fundi alivunja palipooza, akasugua, akapiga lipu mpya nzuri. Miaka miwili baadaye kutu ikatokea kando kando ya kiraka. Mwenye nyumba aliona ameibiwa. Lakini kutu ni betri: sehemu moja ya nondo huliwa, na kwa kuliwa kwake huwalinda majirani. Ukiiponya sehemu hiyo peke yake, ulinzi wa majirani umeondoka huku wao wamezungukwa na zege la zamani lenye chumvi. Kiraka kinapaswa kuvuka mpaka wa mlio wa debe, kizunguke nyuma ya nondo, na mara nyingine jawabu la kweli ni kuishusha slabu nzima. Ni maneno mazito kumwambia mtu aliyeweka akiba ya maisha yake pale, na nimeyasema.

Yote haya yanajulikana duniani. Kinachonisumbua ni kwamba tunayajua kwa vipimo vya Ulaya. Pwani yetu ina Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, chenye idara ya uhandisi wa ujenzi, na hapa Kilifi Chuo Kikuu cha Pwani, chenye hadhi kamili tangu 2013. Zege kwa desturi hupimwa siku ya 28: unaliponda, unaandika nguvu yake, unahitimu. Kutu ya Bofa ilihitaji miaka 13. Utafiti unaotufaa ni wa kuweka vibonge vya zege ufuoni, vyenye saruji za hapa, mchanga wa hapa na maji ya hapa, na kuvirudia mwaka baada ya mwaka, mwanafunzi mmoja akimrithisha mwingine daftari. Ipo pia saruji mpya iliyoendelezwa na watafiti wa Uswisi, India na Cuba, ambayo karibu nusu yake ni udongo wa mfinyanzi uliochomwa kwa nyuzi 800 hivi pamoja na chokaa mbichi iliyosagwa. Inaizuia kloridi vizuri mno, na chokaa ndiyo Kilifi iliyolalia. Udongo wetu ungestahili kuingizwa tanurini na kupimwa.

Yule fundi mzee amepewa kazi ya kuimwaga upya slabu ya baraza. Aliniita kabla ya kumwaga. Nilipitisha vidole vitatu chini ya nondo, kila kona, vikapita. Zege lililobaki jioni nilimwomba asilitupe; tulilijaza katika mikebe sita ya rangi, kila mmoja na kipande cha nondo katikati, naye akaandika tarehe juu yake kwa msumari kabla halijashika. Sasa vibonge hivyo viko juu ya ukuta wa bustani, vimeelekezwa kusini. Cha kwanza tutakipasua baada ya miaka 5.