Mbu Hazoei Dawa

Kila ninapokwenda kuzungumzia vyandarua, swali la kwanza huwa lile lile: "Daktari, tusiviweke kando miezi michache ili mbu waisahau dawa?" Hapana. Mbu hana cha kusahau, kwa sababu hakujifunza kitu.

Watu wanamfikiria mbu kama mlevi wa gongo: ameionja, imemchapa, ameizoea, kisha wanawe wakarithi uzoefu huo. Mbu anayezidiwa na dawa hufa, na maiti haitagi mayai. Anayetaga ni yule aliyezaliwa na badiliko dogo katika jeni inayounda njia ya sodiamu kwenye neva, pale pale dawa za jamii ya pareto, zinazotiwa kwenye vyandarua, zinaposhika. Au aliyezaliwa na vimeng'enya tele vya kuivunja kabla haijamdhuru. Badiliko hilo halikuletwa na chandarua. Chandarua kiliwafyeka wasiokuwa nalo, na dawa za mashambani zinazoingia kwenye madimbwi ya viluwiluwi hufanya kazi hiyo hiyo.

Jambo hilo hilo lilionekana kwa bakteria: mwaka 1943 wanasayansi Salvador Luria na Max Delbrück waliwakuza katika mirija mingi iliyotengana, kisha wakawakutanisha na virusi vinavyowaua. Kama usugu ungeletwa na kukutana na virusi, kila mrija ungetoa manusura wa idadi inayokaribiana. Wapi! Mingi haikutoa manusura au ilitoa wachache, na michache ikatoa mamia, maana humo badiliko lilitangulia virusi na kupata muda wa kuzaana. Zaidi ya miaka 80 imepita, na bado tunajadili kusahau.

Najua atatokea wa kudai kwamba uzoefu hurithiwa, akinitajia njaa ya Uholanzi ya 1944–45 na alama za kikemikali zilizokutwa kwenye jeni za waliotungwa mimba wakati ule. Sawa, zipo. Hazimpi mbu njia mpya ya sodiamu.

Basi lalia chandarua hata kama mbu ni sugu, kitambaa bado kinamzuia. Ziba matundu, kifue kwa sabuni ya kawaida, kianike kivulini, na usikiloweke dawa ya nyanya, utajitia sumu mwenyewe. Ukigawiwa chenye klorofenapiri pamoja na dawa ya jamii ya pareto, kichukue: katika jaribio la Misungwi, Mwanza, lililochapishwa 2022, kiliwakinga watoto na malaria zaidi kuliko cha dawa moja. Klorofenapiri haishughuliki na neva. Huvuruga nishati ndani ya seli, kwa hiyo njia ya sodiamu iliyobadilika haimsaidii mbu.