Kutoka Gitega na Muyinga Hadi Pwani kwa Garimoshi

Askari apewapo likizo, na nia yake ikawa kuiona Bahari ya Hindi, safari yake huanzia mezani kabla hajafunga mzigo. Burundi haijapata kuwa na reli. Mwaka 1914 Wajerumani walianza kujenga njia kutoka Tabora kuelekea Mto Kagera, wakitaka kuzifikia Rwanda na Urundi, lakini vita vikawakatiza. Mwezi Agosti 2025 liliwekwa jiwe la msingi la reli ya Uvinza hadi Musongati. Hata hivyo, msafiri wa leo hana budi kulifuata garimoshi katika nchi jirani.

Njia ziko mbili. Aliyeko Muyinga huvuka mpaka Kobero, akashika barabara ya Ngara na Kahama hadi Isaka, akaikuta reli itokayo Mwanza kwenda Tabora. Aliyeko Gitega huteremka kilomita zipatazo 100 hadi Bujumbura, kisha huelekea Kigoma, kwa ziwa ikiwa kuna chombo, ama kwa barabara.

Mimi naipenda ya Kigoma. Reli ilifika huko mwaka 1914, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250 kutoka Dar es Salaam, na kwa njia hiyo ilipita meli nzima. Liemba iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kutiwa katika makasha yapatayo 5,000. Mwaka 1915 ilielea ziwani. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha, baada ya kuzipaka mitambo yake grisi zisiharibike. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927. Afisa wa uchukuzi aliyeyahesabu makasha yale bila shaka hakulala sana.

Linalowaangusha wengi ni saa. Saa ya Burundi iko nyuma ya ile ya Tanzania kwa saa moja. Garimoshi la saa mbili usiku huondoka Kigoma wakati saa ya mkononi iliyotoka Gitega ingali yaonyesha saa moja. Nalo haliji kila siku, hivyo saa moja iliyopotea huzaa siku kadhaa. Kwa raia huo ni usumbufu. Kwa askari au polisi, kuchelewa kurudi kambini ni kosa. Kwa sababu hiyo hesabu ianzie siku ya kuripoti, irudi nyuma kituo kwa kituo, hadi siku ya kuondoka.

Msimu wa mvua zahitajika siku za akiba. Mafuriko ya Kilosa ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliikata reli hiyo kwa miezi. Tangu mwaka 2024 garimoshi la umeme limekuwa likienda baina ya Dodoma na Dar es Salaam, lakini reli yake ina upana wa milimita 1,435, na ile ya kale milimita 1,000 tu. Hivyo Dodoma abiria hushuka na kukata tikiti nyingine.

Ruhusa ya mkuu iwe ya maandishi, nayo sare ibaki kambini. Na avukaye Kobero akumbuke kwamba Tanzania magari hupita kushoto: kabla ya kukanyaga barabara, atazame kulia kwanza.