Kijana wa doria anakamata, hahukumu

Firimbi ikilia usiku, mara nyingi vijana wa doria ndio wanafika wa kwanza. Sheria inawaruhusu nini?

Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ya tarehe 6 Agosti 1959, kifungu cha 6, iko wazi. Mtu akikutwa katika kosa lenye kifungo cha miaka 3 ao zaidi, na OPJ hayuko hapo, raia yeyote anaweza kumukamata na kumupeleka palepale kwa OPJ ao mwendesha mashtaka aliye karibu. Kumupiga, kumufungia kwa shefu wa avenue ao kumulipisha amende, hapana.

Katiba nayo, kifungu cha 17, inasema mushitakiwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho. Hata polisi, kwa kifungu cha 18, hawawezi kumushikilia kupita saa 48 bila kumufikisha mbele ya sheria.

Basi kazi ya doria ni kulinda ushahidi: saa, pahali, majina ya walioona, vitu vilivyokamatwa. Mwizi akiuawa, hakuna tena wa kutaja wenzake. Na waliomupiga ndio watajibu kwa mauaji.