Kesi ya ardhi huanza siku ya kununua

Karatasi ya daftari lenye mistari. Jina la muuzaji, jina la mnunuzi, bei kwa tarakimu na kwa maneno, kisha "hatua ishirini kwa ishirini". Mashahidi wanne, wawili wametia dole gumba. Chini kabisa, muhuri wa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Hati za namna hii zimejaa Chanika, Kivule, Goba na kila mji wetu unaopanuka, na kwa watu wengi ndizo ushahidi pekee wa mali waliyoitolea jasho la maisha yao yote.

Mgogoro ukizuka, karatasi hiyo huanza kuulizwa maswali. Hatua hizo zilikuwa za nani, mrefu au mfupi? Mpaka wa mashariki umeandikwa "mkorosho", na mkorosho ulishakatwa. Muuzaji alikuwa na haki gani ya kuuza? Baadhi ya wenyeviti hudai asilimia 10 ya bei, na mnunuzi hulipa akiamini amelipia ulinzi. Lakini muhuri ule unathibitisha tu kwamba watu fulani walikutana siku fulani. Hauthibitishi kwamba aliyeuza ndiye mwenye mali.

Msingi wa sheria yetu Tanzania Bara ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zilizoanza kutumika Mei 1, 2001. Ardhi yote ni ya umma na Rais ndiye mdhamini wake. Mwananchi anamiliki haki ya kuitumia. Hilo halimfanyi asiye na hati kuwa mtu wa kufukuzwa hovyo. Mwaka 1994, katika kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Kwa hiyo mwenye shamba ambalo halijapimwa naye ana haki. Kinachomwangusha ni kushindwa kuithibitisha, kwa sababu kisheria anayedai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha.

Ndiyo maana maswali yanayoulizwa kwenye baraza la ardhi yanapaswa kuulizwa kabla pesa hazijatoka mkononi. Kama ardhi ina hati, nenda ofisi ya ardhi ukafanye upekuzi: jina la mmiliki, rehani, zuio, kodi ya pango inayodaiwa. Mahakama ya Rufani imeshaweka wazi kwamba watu wawili wakigombea ardhi, mwenye hati huchukuliwa kuwa mmiliki halali hadi ithibitike kwamba hati hiyo haikupatikana kihalali.

Kama ni nyumba ya familia, mwenzi wa ndoa yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya 1971 inakataza mume au mke kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina moja. Kama ni mali ya marehemu, usimlipe kaka mkubwa kwa kuwa tu ukoo umemtaja kikaoni. Kikao hupendekeza, mahakama ndiyo humteua msimamizi wa mirathi, na huyo ndiye mwenye mamlaka ya kuuza. Kijijini, uhamisho wa haki ya kimila unahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Sahihi ya mwenyekiti peke yake haitoshi.

Mkataba uandikwe, utaje mipaka yote minne na majina ya majirani, kisha ulipiwe ushuru wa stempu. Mkataba usio na stempu unaweza kukataliwa kama kielelezo mpaka ushuru na adhabu vilipwe. Wengi hugundua hilo wakiwa tayari kizimbani, wakili wa upande wa pili amesimama kupinga.

Mgogoro ukishaanza, hatua ya kwanza kwa kawaida ni usuluhishi. Tangu marekebisho ya 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa, au siku 30 zikipita bila suluhu, mdai anakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, linalosikiliza madai ya kurejesha ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 300. Zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu.

Hapa ndipo haki nyingi hupotea. Mtu anamshtaki aliyenunua kiwanja chake na kumwacha aliyekiuza. Kesi inayumba kwa kukosa mdaawa wa lazima. Mwingine anaishtaki halmashauri barazani kama anavyomshtaki jirani, ilhali tangu 2020 madai dhidi ya halmashauri, hata ya kijiji, yanahitaji notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu aunganishwe, na shauri lifunguliwe Mahakama Kuu. Miaka inakwisha, shauri linatupwa, na hakuna aliyegusa swali la nani mwenye ardhi.

Muda nao hausubiri. Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12. Jirani akisogeza uzio, usimstahi miaka nenda rudi ukitegemea wazee watazungumza naye. Mwandikie, tunza nakala, chukua hatua. Uliyemkaribisha akae kwa hisani hawi mmiliki kwa sababu tu amekaa sana, lakini utatakiwa kuthibitisha kwamba ulimkaribisha. Ukipokea wito, fika. Ukikaa nyumbani hukumu itatolewa ya upande mmoja. Ukishindwa wilayani, una siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Na kama mtu anajenga wakati kesi inaendelea, omba zuio mapema, kabla nyumba haijafika kwenye linta.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili asikate tamaa: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inatambua mashirika na wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wananchi bila malipo. Waulizie kwenye ofisi ya halmashauri yako. Na wewe ambaye huna mgogoro na mtu, usisubiri uwe nao. Mashahidi wako wangali hai na majirani wanaijua mipaka: ipime ardhi yako, iandikishe, na stakabadhi zote uziweke pamoja. Sheria inamlinda mwenye ushahidi anayedai kwa wakati.