Kuona Yaliyozikwa

Je, umewahi kusimama kwenye tuta la reli pale Gatwekera ukatazama mahindi yaliyo chini? Mwaka mmoja wa kiangazi niliona ajabu katika kipande chetu: mstari wa mahindi mafupi, ya manjano, uliopinda kama pembe ya nyumba. Nyanya akasema, "Si hapo ndipo alipozaliwa babako!" Nyumba hiyo ilibomolewa zamani, na picha yake hatuna hata moja.

Kumbe jambo hili lina sayansi yake. Juu ya msingi wa mawe udongo ni haba, mizizi hukosa maji, mmea hudumaa. Juu ya mtaro uliofukiwa udongo ni mwingi na huhifadhi maji, basi mmea hurefuka. Ukiwa katikati ya shamba huoni kitu. Panda juu uone! Mwaka 1926, picha alizopiga rubani Gilbert Insall zilionyesha duara za madoa katika shamba la ngano Uingereza. Kuchimba, wakakuta mashimo ya nguzo za kale. Mahekalu ya Warumi huko nayo hutambulika hivyo hivyo: mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa.

Lakini picha peke yake haitoshi, maana hata bomba la maji huacha mstari. Ni lazima kuchimba. Baada ya mavuno nilichukua jembe, nikapata mawe matatu yaliyoshikana kwa saruji. Nyanya alichagua moja, akaliweka mlangoni.